Ukikwama usiku na mvua juu: maswali ya vifaa vya kujisitiri na kupata joto, kwa watu wa Tanga

Haya ni maswali yanayojirudia sana kuhusu vile vifaa vidogo vya dharura vya kukinga mvua, upepo na baridi, vile unavyotupia kwenye begi ukavisahau mpaka siku ya siku. Nimeyajibu kwa kuangalia mazingira yetu wenyewe, yaani baharini, Pangani, Muheza, Amani mpaka kule juu Lushoto, maana ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za theluji, ukiufuata kama ulivyo utabeba visivyokuhusu na kinachokuhusu utakiacha nyumbani.

Tanga joto lote hili, mtu anapigwaje na baridi mpaka iwe hatari?

Watu wanauliza huku wanacheka. Mwili unataka kukaa nyuzi 37, ukishuka chini ya 35 hapo ndo madaktari wanaita haipothemia, na kushuka huko hakuhitaji barafu hata chembe. Kunahitaji nguo zilizoloa, upepo, na masaa ya kutosha. Maji yanavuta joto la mwili kama mara 25 zaidi ya hewa yenye nyuzijoto zilezile, ndo maana ukiwa mkavu kwenye nyuzi 20 unajifunika shuka moja unalala fofofo, ila ukiwa umeloa chapachapa na kusi inakupiga, nyuzi hizohizo zinakugonganisha meno.

Halafu mkoa wetu sio bahari tu jamani. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi 6 na nusu. Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 hivi, ukisogea msitu wa Magamba unaikaribia na kuipita mita 2,000, kwahiyo usiku wa Julai hapa mjini zikiwa nyuzi 20, kule unaongelea 8 mpaka 11 pamoja na ukungu unaolowanisha nguo bila hata mvua kunyesha. Sasa mtu katoka Ngamiani na fulana na kandambili, anajua ni safari ya siku moja, gari linakufa kwenye kona za kupanda toka Mombo saa mbili usiku. Huyo ndo ninayemwandikia.

Kwa hiyo ukisoma majibu yote haya utaona narudi palepale, kwamba kwetu sisi unaanza na kuzuia maji na upepo, joto linafuata. Wengi wananunua kinyume.

Nina hela ya kitu kimoja tu, ninunue nini?

Ponchi. Lile koti la mvua pana lenye kofia, lisilo na mikono ya kubana, linalofunika mpaka begi mgongoni. Najua ulitegemea niseme ile karatasi ya kung'aa. Ponchi unatembea nayo, unapandia boda nayo, ukichuchumaa ukaingiza magoti ndani inakuwa kihema cha mtu mmoja, na ukipata kamba unaifunga juu inakuwa paa.

Ila uikague kabla hujalipa. Igeuze ndani nje, angalia mishono ya kofia na mabega maana huko ndo inakoanza kuvuja, utaona utepe mwembamba umegandishwa juu ya mshono. Pitisha kucha ukingoni mwa ule utepe, ukiinuka kirahisi rudisha. Kama haina utepe kabisa, bana kitambaa mdomoni pale kwenye mshono upulize kwa nguvu, hewa ikipita upande wa pili basi mvua ya masika nayo itapita. Muuzaji atakuangalia vibaya, muache aangalie, hela ni yako.

Ile karatasi ya fedha inayong'aa inafanya kazi kweli au ni mapambo?

Inafanya kazi, ila sio kazi ambayo watu wanadhani. Ni plastiki nyembamba sana ya poliesta iliyopakwa aluminiamu, teknolojia iliyotokana na kazi za NASA za mwaka 1964 kwa ajili ya vyombo vya anga, na inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya lile joto linalotoka mwilini kama mionzi. Ina uzito wa gramu 50 au 60 hivi, ukiikunja inakaa mfukoni mwa shati, ukiikunjua inakufunika mtu mzima.

Shida iko hapa. Yenyewe haitengenezi joto. Ni kama chupa ya chai, haipiki chai, inatunza tu ile uliyotia, kwahiyo ukijifunga nayo ukiwa tayari umeshapoa na nguo zimelowa, inakutunzia ubaridi wako vizuri kabisa. Pili, mionzi ni njia moja tu kati ya njia ambazo joto linakutoka, kuna upepo unaolichukua, kuna ardhi unayoikalia inayolinyonya, kuna maji yanayokauka kwenye nguo na ngozi. Upepo inazuia kidogo kama umeibana vizuri. Ardhi haizuii kabisa, ni nyembamba mno, ukiilalia ile peke yake ni sawa na kulala chini.

Namna ya kuitumia ni hivi: vua kilicholowa, vaa kikavu hata kama ni kanga tu, jifunge karatasi juu ya nguo isibane sana ili kuwe na hewa katikati, kisha ponchi juu ya vyote ili upepo usiipeperushe. Hapo utaona tofauti. Mtu akikwambia aliitumia ikawa haina maana muulize aliivaaje, mara nyingi utakuta alijitandikia begani kama mtandio, upepo ukaingia chini ukatokea shingoni.

Na inachanika. Ikipata mkato mdogo tu pembeni imekwisha, ule mpasuko unakimbia mpaka upande wa pili. Weka utepe wa gundi kwenye begi, kipande cha kama mita moja umekizungusha kwenye kalamu. Makelele yake pia uzoee, kila ukijigeuza inalia krash krash, ukiwa wawili hamlali.

Zile zenye dhahabu upande mmoja, dhahabu inakaa ndani au nje?

Kwa joto tofauti ni ndogo usiumize kichwa. Weka fedha ndani, dhahabu nje, maana dhahabu inaonekana vizuri zaidi porini mtu akikutafuta. Ambazo ni fedha pande zote hakuna ndani wala nje.

Kati ya karatasi na ule mfuko wa dharura wa kuingia mzima mzima, kipi bora?

Mfuko, bila kujiuliza, kama unaupata. Karatasi usiku kucha unapigana nayo, huku umefunika bega miguu iko nje, ukifunika miguu mgongo uko wazi. Mfuko unaingia, unabana kwenye shingo, basi. Uzito wake ni gramu 100 mpaka 200 kutegemea unene, na ile minene kidogo ndo mizuri maana haichaniki kwa kijiti. Ukipata wa rangi ya chungwa kwa nje chukua huo. Kijani cha jeshi kinapendeza kwenye picha ila porini Amani hata mkeo aliyekuja kukutafuta atakupita.

Kasoro yake ni jasho. Hauruhusu hewa, kwahiyo pumzi na jasho vinaganda ndani kama umande na asubuhi unajikuta na unyevu. Kwenye joto la huku chini hii ni kero kubwa kuliko kule juu. Acha mdomo wa mfuko wazi, usipumulie ndani, usiku ukiona umepata joto zaidi fungua kidogo upepee halafu ufunge tena. Uso haufunikwi kamwe, na mtoto mdogo haingizwi humo peke yake hata kwa dakika mbili, anaingia na mtu mzima, kichwa chake nje.

Mfuko mkubwa wa taka unafaa? Si ilipigwa marufuku?

Iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, vya shughuli za taka vimeachwa kwenye kanuni. Na ndio, unafaa sana, kwa bei yake hakuna kinachoufikia. Chukua ule mkubwa kabisa na mnene, toboa tundu la uso karibu na kona moja, sio katikati, ingia miguu ikianza au uvae kutokea juu kama ponchi. Miwili ni bora zaidi, mmoja juu mwingine miguuni. Ukijaza majani makavu katikati ya mifuko unapata godoro. Kwa mtu anayesema hana hela ya vifaa huwa namwambia anze na hii leo jioni.

Turubai gani nichukue, na saizi gani?

Sio lile la bluu la kufunikia fuso. Lile ni zuri nyumbani, begani hulibebi. Kwa mtu mmoja au wawili mita 2 kwa 3 zinatosha, kitambaa cha nailoni au poliesta kilichopakwa kinga ya maji, uzito usipite nusu kilo sana sana kilo moja. Ukikosa, kuna zile nailoni nene zinazouzwa kwa mita madukani za kutandika na kufunikia, kata mita tatu, itakutunza misimu kadhaa. Haina matundu ya kamba, lakini usitoboe! Chukua kokoto laini la ukubwa wa kifundo cha kidole gumba, lifunike kwa kona ya nailoni, kisha funga kamba shingoni mwa lile kokoto. Haitoki hata upepo uje vipi, na nailoni haijatobolewa.

Jinsi ya kuliwamba, kwa dharura usihangaike na mitindo kumi. Kamba moja kati ya miti miwili, kimo cha kiunoni sio cha kichwani, turubai juu yake, pande mbili zishuke mpaka karibu na ardhi. Watu wetu wanapenda paa la juu wasimame kwa raha kama kwenye banda la shughuli, matokeo yake mvua ya upepo inaingia ubavuni na usiku mzima ni kusogeasogea. Paa likiwa chini joto linabaki na mvua haina njia. Upande mmoja unaoshuka chini, sio ncha zilizo wazi, uelekeze upepo unakotoka, na pwani kuanzia kama Mei hadi Septemba hivi hiyo ni kusini, kaskazi ikishika unageuza.

Kamba ya katani inafaa? Si ndo zao letu?

Mkonge ni wetu tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na sina ugomvi nao, kamba ya katani inashika fundo vizuri haitelezi. Ila inanyonya maji, ikiloa inakuwa nzito, fundo linakaza huwezi kulifungua na vidole vilivyokufa ganzi, na ukiihifadhi na unyevu inaoza. Kwa kitu kitakachokaa kwenye begi mwaka mzima chukua nailoni ya milimita 3 au 4, mita 15. Katani beba tonge moja tu la nyuzi zilizochambuliwa, kavu, ndani ya kimfuko kilichofungwa, ni kiwashio kizuri cha moto kuliko karatasi.

Nalalia nini? Siwezi kubeba godoro.

Hili swali ningependa liulizwe zaidi ya hapa. Mtu ananunua vya kujifunika vitatu, cha kulalia hana. Ardhi yenye unyevu inakunyonya joto usiku kucha na haichoki. Porini unakusanya majani makavu, nyasi, makuti, mpaka ukiyalalia yakabonyea bado yabaki unene wa kama shubiri moja. Fikiria umepata rundo la kutosha, kisha ongeza jingine kama hilo. Angalia siafu kwanza, tikisa.

Kama upo njiani na gari limeharibika, tandika kilichopo: mkeka, salfeti, boksi la katoni, begi lenyewe, mpira wa ndani ya gari. Katoni kavu ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Kwenye begi ukiwa na nafasi weka kipande cha sponji kama ile ya mazoezi, saizi ya kukalia tu, sentimita 30 kwa 40 kinatosha kukaa umejikunyata na mgongo kwenye begi. Ukikaa hivyo sehemu inayogusa chini ni ndogo kuliko ukilala chali.

Nguo je? Niende na jaketi gani?

Nenda mitumba, Mgandini au popote unapojua, na uende mapema siku balo linafunguliwa. Wazungu wanatuletea nguo za baridi kwa bei ya chipsi mayai kwa sababu Tanga hakuna anayezitaka, zimelundikwa chini kabisa, sketi na jinzi ndo juu. Ingiza mkono, tafuta lebo ndani kwenye mshono wa ubavu au nyuma ya shingo. Ikisema poliesta na kitambaa kina manyoya laini, hiyo ni flisi, chukua. Ikisema sufu asilimia 70 kwenda juu, chukua kwa haraka kabla jirani hajaona. Ikisema pamba rudisha, hata iwe nene na nzuri vipi. Pamba ikiloa inashika maji, haikauki, na inakupoza, wakati sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto kiasi na flisi unaikamua ukaivaa tena.

Jinzi ni pamba. Nasema tu maana kila safari ya Lushoto kuna mtu na jinzi.

Kofia ya sufu weka, soksi kavu pea moja ndani ya mfuko weka. Ile habari kwamba nusu ya joto lote linatokea kichwani sio kweli, kichwa kinapoteza kwa kadiri ya ukubwa wake kama asilimia 10 hivi, lakini kofia ni gramu chache na sehemu nyingine zote umeshazifunika, kwahiyo kilichobaki wazi ndo kinachopoteza. Kanga nayo usiidharau, najua ni pamba, ila kama kitu kikavu cha kubadilishia, kufutia maji, kubebea mtoto na kufungia mkono uliovunjika sijaona mbadala.

Vile vipakiti vya kupasha mikono vinapatikana? Vinasaidia?

Ndani yake kuna unga wa chuma, chumvi na mkaa laini, vikigusana na hewa chuma kinaanza kushika kutu na kutu ndo inatoa joto kwa masaa kadhaa. Kwetu vinapatikana kwa shida na vina tarehe ya mwisho, kikiwa kimetobolewa kidogo tu kimeshakufa kabla hujakihitaji. Chupa ya maji ya moto umeifunga kwenye soksi inafanya kazi ileile.

Naweza kuwasha jiko la mkaa ndani ya hema au turubai?

Hapana. Hapana na tena hapana. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, moshi umeisha wewe unadhani iko salama, unasinzia na huamki. Milimani watu wanaingiza jiko chumbani wanafunga na dirisha, ndo hivyohivyo inavyoua. Jiko linakaa nje, chemsha maji, jaza chupa, chupa ndo inaingia ndani.

Moto wa kuni nje ni sawa, viberiti vya gesi viwili sehemu mbili tofauti, na kale ka njiti kwenye kichupa kilichofungwa. Karatasi yako ya kung'aa iwe mbali na moto, inayeyuka na kunata kwenye ngozi.

Kidogo tu cha kuchangamsha damu si kinapasha?

Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia moto kumbe joto la ndani ndo linatoka nje. Chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, au sukari tu ulambe.

Mie mvuvi, natoka jioni narudi alfajiri. Haya ya milimani yananihusu nini?

Yanakuhusu kuliko mtu wa Lushoto mjomba wangu, maana wewe unaloa kila siku. Maji yetu ya pwani yana nyuzi kama 25 mpaka 29 hivi, yanaonekana ya kuogea, lakini mwili ni 37 kwahiyo muda wote uliomo majini yanakuvuta. Haiui kwa nusu saa kama bahari za Ulaya, ila chombo kikipinduka magharibi na kupambazuka bado sana, baada ya masaa saba au nane majini mikono haishiki tena ubao.

Kwahiyo cha kwanza kwako ni laifujaketi na iwe mwilini, sio imekaliwa. Hakuna blanketi wala mfuko unaotangulia mbele ya hilo. Ukiwa majini kunja magoti yaje kifuani, bana mikono kwenye ubavu, mkiwa wengi shikaneni kifua kwa kifua mtoto katikati. Usiogelee kwenda nchi kavu kwa sababu umeona taa za Tanga, taa zinadanganya umbali na kuogelea kunakimbiza joto. Kama chombo kimeelea, hata kimepinduka, panda juu yake, mwili mwingi iwezekanavyo utoke majini.

Ukiwa ndani ya chombo, umeloa na upepo unavuma, karatasi ya kung'aa peke yake inaondoka na upepo haraka mno. Beba mfuko, wa dharura au ule wa taka mnene, keti chini ya ukingo wa chombo, ingia mpaka kwapani ili mikono iwe huru kama lazima kuruka, tanga au turubai juu. Vyote viwe kwenye dumu la mdomo mpana lililofungwa kamba kwenye chombo, humohumo filimbi na tochi. Filimbi mara tatu, unapumzika, mara tatu tena. Na sikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kabla ya kutoka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyosogea pwani yetu tahadhari ilitolewa mapema, ukishatangaziwa upepo na mawimbi hakuna kifaa kwenye ukurasa huu kitakachochukua nafasi ya kubaki nyumbani.

Nitajuaje mwenzangu ameshapigwa na baridi vibaya, na nifanyeje?

Mwangalie vidole na ulimi. Anashindwa kufunga kifungo, anajikwaa pasipo na kitu, maneno yanakuwa mazito, anaropoka au ananuna anataka aachwe tu alale. Kutetemeka ni dalili nzuri kwa maana mwili bado unapigana. Kutetemeka kukikoma na bado hajapata joto, usiseme afadhali ametulia, hapo amezidiwa.

Mtoe kwenye upepo, mvue kilicholowa, mkaushe, muweke juu ya kitu kitakachomtenga na ardhi, mvalishe kikavu, mfunge mfuko au karatasi, kofia kichwani. Joto unaliweka kiwiliwili: chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga, kwapani, kifuani, kwenye kinena, zisiguse ngozi moja kwa moja. Au mtu mzima mkavu aingie naye ndani ya mfuko. Miguu na mikono usiisugue, na yule aliyezidiwa usimkimbize wala kumsimamisha asimame, mbebe amelala taratibu. Kama yuko macho na anameza vizuri mpe cha moto chenye sukari. Piga 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114, na apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Wazee na watoto wadogo wanafika hapo haraka zaidi, na wazee wengine hawatetemeki hata kidogo.

Nikishakwama, nichague sehemu gani?

Chini ya mnazi usilale, hilo mtoto wa Tanga hafundishwi lakini usiku na hofu watu wanasahau, nazi moja inatosha. Kwenye mikoko na fukwe za chini kumbuka maji, wakati wa bamvua bahari inapanda mita tatu na zaidi kutoka kupwa hadi kujaa, angalia alama ya taka na majani ya maji yaliyopita kisha panda juu yake. Milimani usilale kwenye korongo kavu hata kama linakinga upepo vizuri, mvua inanyesha juu huko usikoiona na maji yanakukuta. Wala kileleni kwa sababu ya radi na upepo. Katikati ya mteremko, upande usio na upepo, miti isiyo na matawi makavu juu yako. Kama kuna gari, kaa kwenye gari, ni hema tayari.

Mbu?

Chandarua chepesi cha kichwa au kipande cha neti mita mbili, gramu chache, weka. Kwenye orodha za Wazungu hakipo kwa sababu kwao usiku wa dharura hauishii na malaria.

Nikijaza vyote hivi si begi zima?

Ponchi, mfuko wa dharura, karatasi mbili za kung'aa, nailoni au turubai jepesi, kamba, flisi, kofia, soksi, kipande cha sponji, neti, viberiti, filimbi na tochi. Bila turubai zito unacheza kwenye kilo moja na nusu au mbili. Lakini ukweli ni kwamba kifurushi cha kilo mbili kitabaki nyumbani, nimeona kwa wengi. Gawa mara mbili: kidogo cha kila siku chenye mfuko wa taka, karatasi, kiberiti na filimbi, hicho hakitoki kwenye pochi au chini ya siti ya boda, na kikubwa unabeba ukijua unapanda milimani au unaenda baharini. Kilicho juu kabisa ya begi kiwe ponchi, maana mvua ya Amani haikusubiri utafute.

Vifaa hivi vinatosha kwa Kilimanjaro?

Havitoshi. Kule ni mita 5,895 na usiku wa kileleni uko chini ya sifuri, unahitaji begi la kulalia na nguo za kazi hiyo, na waongozaji watakupa orodha yao. Hivi vinabaki kama akiba ndani ya begi.

Vinakaa muda gani, na nikague lini?

Kagua mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Hewa ya chumvi ya pwani na joto la ndani ya gari vinaua vitu polepole: karatasi ya kung'aa iliyokunjwa miaka inaanza kushikana na ule mng'ao unapukutika kwenye mikunjo, ishike dhidi ya taa, ukiona mistari ya mwanga inapita badilisha. Viberiti vya gesi vinavuja vyenyewe, jaribu kila kimoja. Betri toa kwenye tochi zikae pembeni. Utepe wa mishono ya ponchi unabanduka, gundi ya viatu inashika vizuri kwa muda. Flisi ifue, ikauke kabisa, ndo uirudishe. Karatasi ikishatumika usihangaike kuikunja irudi kwenye pakiti yake, haiingii, nunua nyingine.